Bafu huanzia chini ya vigae

Bafu letu tumelikarabati mara mbili ndani ya miaka minne. Kilichotulazimisha kulirudia ni doa la unyevu lenye ukubwa wa kiganja, lililotokea kwenye ukuta wa chumba cha kulala, upande wa pili wa mahali tunapoogea. Mwanzoni tulidhani ni rangi iliyochakaa, tukalikwangua, tukapiga msasa na kupaka upya. Baada ya miezi michache lilirudi likiwa kubwa zaidi, lipu ikaanza kuvimba na kumomonyoka, na chumvi nyeupe ikajitokeza juu ya ukuta mfano wa unga. Bafuni kwenyewe kila kitu kilikuwa kizuri bado, na hapakuwa na kigae hata kimoja kilichopasuka. Ndipo nilipoelewa kwamba karibu fedha zetu zote zilikwenda kwenye kile kinachoonekana, na kile kinachozuia maji hatukukigharamia kabisa. Haya ninayoyaandika ni yale ambayo ningependa mtu angeniketisha na kunieleza kabla ya ukarabati ule wa kwanza.

Watu wengi huamini kwamba ukuta uliowekwa vigae haupenyezwi na maji, nami nilikuwa miongoni mwao. Ni kweli kwamba uso wa kigae chenye mng'aro haupitishi maji, lakini kati ya kigae na kigae kuna grauti, yaani ule mchanganyiko wa kujazia nafasi, na grauti ya kawaida ya saruji ina vinyweleo vinavyonyonya maji kila mtu anapooga. Maji hayo huingia kwenye gundi, yakafika kwenye lipu, kisha kwenye matofali, na safari yote hiyo haionekani kwa sababu hufanyika nyuma ya kitu kinachong'aa. Kinachopaswa kuyasimamisha ni utando wa kuzuia maji, unaopakwa kama rangi nzito au kubandikwa kama karatasi ngumu juu ya lipu na sakafu, kabla ya kigae cha kwanza kuwekwa. Kama fedha zako ni chache na unalazimika kuchagua kati ya vigae vya thamani na utando mzuri, chagua utando. Vigae vya kawaida vilivyowekwa juu ya msingi mkavu vitadumu miaka mingi, ilhali vigae vya thamani juu ya msingi unaovujisha vitang'olewa tu.

Utando wa kupaka si kazi ngumu, ila unahitaji subira ambayo si kila fundi yuko tayari kuitoa. Sehemu inayopakwa lazima iwe safi, isiyo na vumbi wala mafuta, na iwe imekauka kwa kiwango anachotaja mtengenezaji. Hupakwa angalau mara mbili, mkono wa pili ukikata mkono wa kwanza, yaani ukipaka kwanza kwa kwenda juu na chini, mara ya pili unapaka kwa kwenda kulia na kushoto, ili pale brashi iliporuka mara ya kwanza pafunikwe mara ya pili. Sehemu hatari zaidi ni kwenye kona, pale ukuta unapokutana na sakafu na ukuta unapokutana na ukuta mwingine, kwa kuwa nyumba hutikisika kidogo na nyufa nyembamba huanzia hapo. Kwenye kona hizo hulazwa ukanda wa kitambaa maalumu ndani ya utando ungali mbichi, na vivyo hivyo kuzunguka kila bomba linalotokeza ukutani na kuzunguka tundu la kutolea maji sakafuni. Sakafu yote ya bafu inapaswa kupakwa, utando ukipanda ukutani angalau sentimita 15, na mahali penye shawa ukipanda hadi juu ya kichwa cha shawa, takriban mita 2 kutoka sakafuni.

Baada ya utando kukauka kuna jaribio moja ambalo sitakubali tena kulikosa. Tundu la sakafuni huzibwa, kizingiti kidogo hujengwa mlangoni ikiwa hakipo, kisha maji hujazwa sakafuni hadi kina cha sentimita chache na kuachwa kwa muda wa saa 24. Ukutani unachora mstari wa penseli palipoishia maji, na siku ya pili unatazama kama yameshuka zaidi ya kile kiasi kidogo kinachopotea hewani. Unatazama pia kuta za vyumba vya jirani, na dari ya chini kama nyumba ni ya ghorofa. Fundi wetu wa mara ya pili aliliona jaribio hilo kuwa ucheleweshaji, kwa kuwa alikuwa na kazi nyingine ikimsubiri, lakini alikubali. Asubuhi yake maji yalikuwa yameshuka kwa upana wa kidole. Tulipoyafungulia na kukagua, tukakuta mwanya mwembamba kama unywele kati ya utando na shingo ya tundu la sakafuni. Aliusafisha, akaweka kitambaa na kupaka tena, tukajaribu upya, na safari hii mstari wa penseli ukabaki palepale. Mwanya ule ungefunikwa na vigae siku hiyohiyo, na mimi ningekaa miaka mingine miwili nikijiuliza unyevu unatoka wapi.

Jambo la pili ni mteremko, na hapa nataka nikae kidogo, maana mafundi wengi hulitaja kwa maneno na kulisahau mikononi. Sakafu ya bafu inapaswa kuteremka kuelekea tundu la maji kwa takriban sentimita 1 hadi 2 katika kila mita, na mahali pa kuogea ni bora iwe sentimita 2. Mteremko ukiwa mdogo kuliko hapo, maji husimama pembeni na kuacha utelezi na weusi kwenye grauti. Ukizidi sana, mtu aliyesimama anahisi anaelemea upande mmoja. Muhimu zaidi ni kwamba mteremko huu utengenezwe kwenye sakafu ya saruji iliyo chini ya utando, wala usitafutwe kwa kuongeza gundi upande mmoja wa vigae. Sababu yake ni kwamba maji machache yanayopenya kwenye grauti hufika juu ya utando, na kama utando wenyewe umelala tambarare, maji hayo hayana pa kwenda, hivyo hukaa yakioza chini ya vigae na kuleta ile harufu ambayo hakuna sabuni inayoiondoa. Pima mwenyewe kwa pima maji ndefu na kipimo cha mkononi, au mwaga ndoo ya maji kabla utando haujapakwa, uone yanakoelekea na mahali yanapobaki.

Mteremko huo ndio unaoamua pia ukubwa wa vigae vya sakafuni. Vigae vikubwa vya sentimita 60 kwa 60 vinapendeza, lakini haviwezi kupinda, kwa hiyo sakafu inayoteremka kutoka pande nne kuelekea tundu la katikati italazimu kuvikata kimshazari, la sivyo pembe zake zitainuka na kuumiza vidole. Vigae vidogo hufuata mteremko bila shida, na mistari mingi ya grauti iliyo kati yake huupa mguu mahali pa kushika. Anayependa vigae vikubwa anaweza kuweka mfereji mrefu mwembamba kandokando ya ukuta badala ya tundu la katikati, ili sakafu yote iteremke upande mmoja tu.

Kabla ya hayo yote kufunikwa, mabomba lazima yajaribiwe. Mabomba ya maji safi hufungwa ncha zote, yakajazwa maji kwa pampu hadi mgandamizo unaozidi ule wa matumizi ya kila siku, kisha kipimo kikaachwa kwa saa kadhaa kuona kama mshale unashuka. Mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa kuyeyushwa kwa moto wa takriban nyuzi 260 za Selsiasi ni mazuri kwa sababu kiungo chake huwa kitu kimoja, lakini fundi akiyachomeka kwa muda mrefu kupita kiasi, plastiki huyeyukia ndani na kuziba nusu ya njia, nawe utakuja kulaumu tangi au pampu kwa maji yanayotoka kwa unyonge. Bomba la kutolea maji taka ya choo kwa kawaida huwa na kipenyo cha milimita 100 au 110, na linahitaji mteremko wake pia, kama sentimita 1 hadi 2 na nusu kwa kila mita. Kila kifaa kiwe na koki yake ya kufungia, ili siku beseni linapovuja usilazimike kuikatia nyumba nzima maji.

Kuna jambo dogo linalohusu harufu. Chini ya beseni, chini ya choo na ndani ya tundu la sakafuni kuna mahali bomba hupinda makusudi ili maji kidogo yabaki humo, kwa kawaida kina cha milimita 50, na maji hayo ndiyo yanayozuia hewa chafu ya mfereji kupanda ndani ya nyumba. Bafu lisilotumika kwa wiki kadhaa hukaukiwa na maji hayo, na watu hudhani bomba limepasuka. Kikombe kimoja cha maji kikimwagwa humo humaliza tatizo. Lakini ikiwa harufu inaendelea hata bafu linapotumika kila siku, basi huenda fundi aliunganisha bomba moja kwa moja bila kona hiyo, na hilo halina dawa isipokuwa kulifumua.

Sasa nifike kwenye vigae, ambavyo kila mtu hutaka kuanza navyo. Tofauti iliyo muhimu kuliko rangi ni kiasi cha maji ambacho mwili wa kigae unaweza kunyonya. Vigae vya poselini hunyonya asilimia 0.5 ya uzito wake au chini ya hapo, ilhali vigae vya kauri vyepesi vinavyotengenezwa kwa ajili ya ukutani hunyonya zaidi ya asilimia 10. Kwa hiyo vile vya ukutani visiwekwe sakafuni hata kama vinafanana kwa sura, kwani pamoja na kunyonya maji ni laini na huvunjika kitu kizito kinapoanguka. Poselini nayo ina masharti yake. Kwa kuwa hainyonyi, mchanganyiko wa kawaida wa saruji na maji hauna pa kushika kwenye mgongo wake, na ndiyo maana vigae vya poselini vilivyobandikwa kwa saruji tupu hulia kama debe ukivigonga na hatimaye kubanduka. Vinahitaji gundi ya vigae iliyochanganywa na polima, yaani kiambato cha plastiki kinachoongeza nguvu ya kushika, ipakwe sakafuni kwa mwiko wa meno, na kwa vigae vikubwa ipakwe pia mgongoni mwa kigae, ili pasibaki uwazi chini yake ambamo maji yatakusanyika. Gonga kila kigae kwa mpini wa bisibisi baada ya gundi kukauka. Sauti nzito ni njema, sauti ya utupu ni ya kurudiwa kabla fundi hajaondoka.

Kuhusu utelezi, usiamini macho wala mkono mkavu. Omba kipande cha mfano, kimwagie maji yenye sabuni, ukikanyage pekupeku. Vigae vingi hupewa alama kutoka R9 hadi R13, namba kubwa ikimaanisha kushika zaidi, lakini alama hizo hupimwa kwa mtu aliyevaa viatu. Kipimo cha miguu mitupu hutumia herufi A, B na C, na mahali pa kuogea ni vyema kutafuta B au C. Kama nyumbani kuna mzee au mtoto mdogo, suala hili litangulie uzuri wowote. Nimewahi kumwinua mtu mzima aliyeteleza kwenye sakafu inayong'aa kama kioo, na tangu siku hiyo siwezi kupendekeza kigae laini kwa ajili ya sakafu ya bafu.

Unaponunua, ongeza asilimia 10 juu ya eneo ulilopima kwa ajili ya vipande vya kukatwa na kuvunjika, na asilimia 15 ikiwa vitawekwa kimshazari. Soma namba ya toleo kwenye kila boksi, kwa kuwa vigae vya jina moja vilivyochomwa siku tofauti hutofautiana kidogo rangi na hata ukubwa, na tofauti hiyo isiyoonekana dukani hujitokeza waziwazi ukutani.

Mawe ya asili yanahitaji tahadhari ya peke yake. Marumaru ya kweli kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, na asidi yoyote, iwe ni siki, ndimu au dawa kali ya kusafishia choo, huila na kuacha mabaka yasiyong'aa ambayo hayasafishiki kwa kuwa si uchafu bali ni jeraha la jiwe lenyewe. Granaiti huvumilia zaidi. Tukiwa kwenye dawa za kusafishia, niseme jambo linalohusu uhai: usichanganye kamwe dawa ya klorini ya kung'arishia nguo na dawa yenye asidi, wala usitumie moja juu ya nyingine kabla ya kusuuza, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na bafu ni chumba kidogo kisicho na hewa ya kutosha kuiondoa.

Grauti ijazwe baada ya gundi kukauka kabisa, kwa kawaida siku moja baadaye. Grauti ya epoksi, yaani ile inayotengenezwa kwa gundi ngumu ya plastiki badala ya saruji, hainyonyi maji wala haishiki madoa kirahisi, ila ni ghali, hukauka haraka mikononi mwa fundi asiyeizoea, na masalia yake juu ya vigae ni kazi kubwa kuyaondoa. Mimi niliitumia sakafuni penye shawa pekee na kwingine nikabaki na ya saruji. Kwenye kona, pale ukuta unapokutana na sakafu, na kuzunguka beseni, isijazwe grauti bali silikoni, kwa kuwa sehemu hizo hucheza na grauti hupasuka. Tafuta silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia kuvu. Ile yenye harufu kali ya siki haifai karibu na marumaru wala vyuma vinavyoshika kutu, kwa maana hutoa asidi inapokauka. Silikoni ya zamani ikiharibika haifunikwi kwa mpya. Hukatwa yote, mahali pakasafishwa na kukaushwa, ndipo mpya ikawekwa, kwani silikoni haishiki vizuri juu ya silikoni.

Ukuta wa ubao wa jasi wa kawaida haufai mahali panaporushiwa maji, na hata ule wa kijani unaostahimili unyevu si wa kuweka ndani ya eneo la shawa; hapo hutumika ubao wa saruji. Dari ya jasi inawezekana ikiwa ni ule wa kijani na imepakwa rangi ya kuzuia kuvu, ingawa dari ya plastiki ni rahisi zaidi kuitunza. Kabati la mbao za MDF, yaani zile za nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, huvimba kuanzia miguuni. Ama linunuliwe la plastiki au plaiwudi ya kustahimili maji, ama lining'inizwe ukutani lisiguse sakafu, na kila ncha iliyokatwa ipakwe vanishi.

Hayo yote hayatasaidia kama mvuke hauna pa kutokea. Kuvu haitokani na uchafu tu. Humea popote unyevu unapokaa muda mrefu, hata katika bafu linalosuguliwa kila siku. Dirisha linalofunguka ni jema, na pale lisipokuwepo iwekwe feni ya kutoa hewa ambayo bomba lake linafika nje kabisa ya nyumba. Nimeona feni zinazopuliza mvuke ndani ya paa, juu ya dari, na huko mbao zikaoza bila mtu kujua. Feni iendelee kuzunguka kwa dakika 15 hadi 20 baada ya kuoga, na chini ya mlango pabaki uwazi wa sentimita moja hivi, maana hewa haiwezi kutoka kama hakuna nyingine inayoingia.

Umeme wa bafuni si wa kujifundishia. Utengenezwe na fundi mwenye leseni, saketi zote zilindwe na kifaa cha kukata umeme unapovuja kwa milliampia 30, na swichi na soketi zikae mbali na maji kwa kadiri kanuni zinavyoelekeza. Taa iliyo juu ya shawa iwe ya aina iliyofungwa isiyoingiza maji.

Kuhusu koki, nyanyua uzito wake mkononi, kwa kuwa shaba nyeupe au njano iliyopakwa kromu ni nzito na hudumu kuliko aloi nyepesi za zinki, na uulize kama ndani ina diski za kauri badala ya mpira. Choo chenye vitufe viwili, cha lita 6 kwa kubwa na lita 3 kwa ndogo, huokoa maji mengi ukilinganisha na vile vya zamani vilivyotumia lita 13 au zaidi kwa kila mara.

Jambo la mwisho lilitugharimu kidogo sana, nalo limetufaa kuliko mengi. Kabla mabomba na nyaya hazijafunikwa, tulipiga picha kila ukuta, utepe wa kupimia ukiwa umenyooshwa kutoka kwenye kona na mwingine kutoka sakafuni, ili vipimo visomeke ndani ya picha yenyewe. Miezi minane baadaye tulipotaka kutoboa ukuta kwa ajili ya chuma cha kutundikia taulo, picha hizo zilionyesha bomba la maji ya moto likipita sentimita 4 tu kutoka mahali tulipokuwa tumeweka alama ya penseli. Tukasogeza alama upande wa kushoto, tukatoboa.